Lita Moja Inafika Wapi

Jumapili, 12 Mei 2024

Nimetoka zamu ya usiku saa moja na nusu asubuhi, nimefika Chanika saa nne kasoro robo. Kutoka Ilala hadi hapa si safari ya kumaliza zaidi ya saa mbili, ila Barabara ya Nyerere imefukuliwa kwa ujenzi wa mwendokasi, na mvua za masika ya mwaka huu zimeacha madimbwi kila mahali. Nimebadilisha daladala Gongo la Mboto, nikamalizia kwa bodaboda. Viatu vya kazi nimevibeba mkononi.

Lakini kilichonifanya nifungue daftari hili si uchovu. Ni usiku wa Alhamisi. Mama alibanwa na pumu saa tisa usiku. Nilikuwa nyumbani, siku yangu ya mapumziko. Mimi ni muuguzi wa miaka kumi na minne. Nilijua la kufanya, nilichokosa ni chombo cha kumfikisha hospitali. Nilipiga simu kwa madereva watatu wa bajaji tunaowafahamu, hakuna aliyepokea. Mdogo wangu akambeba Mama mgongoni hadi barabara ya lami, mimi nyuma na mwavuli, tukasimama pale dakika arobaini hadi lori la mchanga likatuhurumia. Mama sasa yuko salama, anakunywa uji. Anasema nisilie tena, yamekwisha.

Nanunua gari. Sitaki la kupendeza. Nataka dogo, la bei ninayoiweza, ambalo mafuta yake hayatanifanya nilipaki uani mwezi ukifika tarehe ishirini.

Hesabu: kikoba tunavunja mwanzoni mwa Juni, nitapata milioni 3 na laki 4. Akiba yangu SACCOS ya kazini milioni 2 na laki 1. Mkopo juu yake milioni 2. Jumla milioni 7 na nusu. Fundi anayemtengenezea kaka yangu magari ameniambia jambo moja ambalo nimeliandika hapa kwa kalamu nyekundu: milioni moja isiguswe hata nikioneshwa gari la peponi. Hiyo ni ya matengenezo ya mwezi wa kwanza. Kwa hiyo gari lenyewe lisizidi milioni 6 na nusu.

Jumatano, 15 Mei

Chumba cha chai, saa nne. Nimeuliza tu, "Gari gani dogo halili mafuta?" Chai ikapoa. Mtu wa maabara: IST, hakuna jingine, gari la heshima na hata ukiliuza kesho hela yako inarudi. Dada wa mapokezi: Passo, silinda tatu tu, linanusa mafuta. Mlinzi akaingia na Starlet yake, eti tangu ainunue hajui sheli iko wapi. Mwingine akataja Demio, mwingine akaapa kwamba March ya Nissan ndiyo kila kitu ila spea zake uzitafute kwa tochi.

Nimewasikiliza wote kwa makini maana ni watu wanaoendesha kila siku. Jambo lililonishangaza ni kwamba kila mmoja gari lake linanusa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupima. Wanasema, "Naweka ya elfu ishirini, natembea siku mbili." Siku mbili kwenda wapi? Na ya elfu ishirini ya mwezi gani? EWURA hutangaza bei mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo elfu ishirini ya Januari na ya Mei si lita zilezile. Sisi wauguzi hatumpi mgonjwa dawa kwa kukadiria kwa jicho. Nimewaomba wawili wanisaidie: mwenye IST ya cc 1500, na mwenye Vitz ile ya kwanza, ya cc 990. Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe. Rudisha kipima safari sifuri. Endesha kama kawaida yako. Ukirudi sheli, pampu ileile ikiwezekana, jaza tena mpaka ikate. Lita zilizoingia ndizo ulizotumia. Gawa kilomita kwa lita. Basi.

Jumamosi, 25 Mei

Majibu yamekuja, na mwenye IST hakuyapenda.

IST: kilomita 212, lita 19.6. Ni kilomita 10.8 kwa lita.
Vitz: kilomita 231, lita 16.5. Ni kilomita 14 kamili.

Haki itendeke: mwenye IST anatoka Mbezi na kila asubuhi anakwama foleni ya Kimara, AC ikiwaka, mwenye Vitz anatoka Kitunda na hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Foleni inakula mafuta kuliko umbali. Lakini pia IST ni zito zaidi na injini yake ni kubwa kwa nusu, na gari zito linalosimama na kuondoka mara mia kwa safari moja lazima lilipie kila kuondoka. Zile namba za Japani, kilomita 18 na 20 na zaidi kwa lita, zilipimwa kwenye mashine ndani ya chumba, bila foleni, bila mashimo, bila abiria watano na gunia la mkaa.

Safari yangu: kilomita 27 kwenda, 27 kurudi, siku 22. Ni kilomita 1,188 kwa mwezi. Kwa Vitz ni lita 85, kwa IST 110. Lita sasa inapita shilingi 3,200 hapa Dar. Nikihesabu kwa 3,200 tu, ni 272,000 dhidi ya 352,000. Tofauti ni elfu themanini kila mwezi. Hizo ndizo dawa za Mama, za kuvuta na za kumeza, na chenji inabaki.

Nilikuwa nimeshaipenda IST. Naiacha leo.

Jumamosi, 1 Juni

Mdogo wangu anasema tuagize Japani, tupate lisilochezewa. Nimekaa naye tukapiga hesabu kwenye karatasi. Kwa hela yangu gari nitakalopata kule limepita miaka kumi, na hapo serikali inaongeza ushuru wa bidhaa wa asilimia 30 kwa ajili ya uchakavu. Kabla yake kuna ushuru wa forodha asilimia 25, na mwisho VAT asilimia 18 juu ya vyote. Vinapandana kimoja juu ya kingine, mpaka kodi inakaribia kulingana na bei ya gari, usafiri na bima yake hadi bandarini. Nafuu ni moja tu: injini isiyozidi cc 1000 inasamehewa ule ushuru wa ukubwa wa injini. Haitoshi. Shangazi yetu wa Mombasa amecheka aliposikia: kwao gari lililopita miaka minane haliingii nchini kabisa, ndiyo maana hata kigari kikuukuu kinashikilia bei.

Tunanunua la hapahapa.

Jumamosi, 8 Juni

Niandike ya leo yote, nisije nikasahau.

Tumekwenda yadi moja Kinondoni, mimi na Fundi. Vitz nyeupe, namba D, milioni 5 na laki 8, "maongezi yapo." Linang'aa. Ndani linanukia kama duka la manukato. Dalali ameanza kabla hatujasalimiana: "Dada, hii gari ilikuwa ya mama wa ofisini, kanisani na nyumbani. Weka mafuta uondoke." Moyo wangu ulishaondoka nalo, nakiri hivyo kwenye daftari langu. Bei ilikuwa chini ya bajeti, namba D, viti havijachanika.

Fundi hakusema kitu. Aligusa boneti kwa kiganja, akanitazama. Lilikuwa la moto. Jana yake nilimwambia dalali kwa simu asiliwashe kabla hatujafika, maana injini iliyolala ndiyo husema ukweli ikiamshwa: moshi wake, mlio wake, kutetemeka kwake. Iliyokwisha kupashwa huficha. Fundi akafungua mfuniko wa kuwekea oili, akapitisha kidole ndani, kidole kikatoka safi mno. Oili mpya kabisa. Si dhambi, lakini akanong'ona: "Anayeuza gari habadilishi oili bure."

Halafu akakaa kiti cha nyuma, akaushika mkanda wa usalama akauvuta. Akauvuta taratibu mpaka mwisho wake, pale ambapo hakuna abiria anayewahi kuufikisha. Na pale, kwenye kipande ambacho siku zote hukaa kimejikunja ndani ya nguzo, kulikuwa na mstari wa kahawia uliokatiza mkanda, kama alama ya chai kwenye kikombe. Juu ya mstari mkanda mweusi, chini yake rangi ya udongo. Fundi hakunieleza, nikaelewa mwenyewe. Akanyanyua zulia chini ya kiti cha dereva: reli za kiti zina kutu nyekundu mpya, na kwenye kona ya bati, tope kavu, laini kama unga wa muhogo. Maji yalifika kwenye viti.

Masika haya tumeona magari mangapi yakielea Jangwani? Yanaoshwa, yanapigwa manukato, yanauzwa. Injini inaweza kupona ukiwahi kumwaga oili. Nyaya haziponi. Leo taa, kesho pampu ya mafuta, keshokutwa kompyuta ya injini, na kila mara fundi umeme. Lingezimika usiku Pugu, Mama akiwa ndani.

Nimemuuliza dalali kwa upole kama gari liliingia maji. Akasema, "Labda lilipooshwa, dada." Tukaaga.

Ninaandika haya nikiwa na hasira kwa sababu mtu mwingine atalinunua wiki ijayo. Huenda naye ana mama mgonjwa. Yeyote atakayesoma hapa baadaye, na hasa wewe mwanangu ukiwa mkubwa: vuta mkanda mpaka mwisho.

Jumanne, 11 Juni

Starlet ya Kitunda, ya mwaka 1997, gia za mkono, milioni 4 na laki 2. Jepesi, injini ya 1300 ina sauti ya kuridhisha, na mlinzi wetu hakusema uongo, nadhani kweli halili. Ila sakafu upande wa abiria imeliwa na kutu, kidole cha Fundi kimepita. Mkanda wa injini, ule wa ndani, mwenyewe hajui ulibadilishwa lini. Vitz na Passo zina mnyororo, hiki ni kitu kimoja cha kushukuru.

Hapana.

Jumamosi, 15 Juni

Passo ya Tabata. Nililitaka hili. Ndilo lenye injini ndogo ya silinda tatu, Daihatsu ndiye aliyeliunda kwa ajili ya Toyota, na lina nafasi mbele kwa kuwa gia yake haiko sakafuni, Mama angeingia bila shida ya magoti. Likiwa limesimama hutetemeka kidogo, Fundi anasema ndiyo maumbile ya silinda tatu; hili lilitetemeka mpaka kioo cha kati kikacheza, kwa hiyo maunti za injini zimekufa. Hizo zinanunulika.

Kilichotutoa pale ni kadi. Kijana anayeuza si jina lililo kwenye kadi. Anasema ni la kaka yake. Kaka yuko wapi? Yuko mkoani. Kadi halisi iko wapi? Akatoa nakala. Nimeomba nizungumze na kaka kwa simu, simu haipatikani. Nikalinganisha na gari lenyewe namba ya chasisi iliyoandikwa kwenye ile nakala, tarakimu mbili za mwisho hazifanani. Labda ni makosa ya kuandika. Labda. Nakala ya kadi inaweza kumaanisha kadi yenyewe imeshikwa na mtu kwa mkopo, na siku aliyekopesha akija hadai deni, analichukua gari.

Fundi nimemlipa elfu thelathini kwa kila gari tuliloliona, hata tulilolikataa. Anaona aibu kupokea. Namwambia alilokataa Kinondoni limeniokolea milioni sita.

Jumatatu, 17 Juni. Idi

Jirani kaleta pilau na kachumbari. Mama amekula vizuri. Katika mazungumzo jirani akasema kuna mwalimu mstaafu Pugu, mzee wa heshima, anauza kigari chake kwa kuwa macho hayaoni tena vizuri usiku. Hajaweka tangazo popote. Nimeomba namba.

Alhamisi, 20 Juni

Nimekwenda alfajiri kabla ya zamu, na Fundi nyuma yangu kwa pikipiki yake.

"Shikamoo, Mwalimu."
"Marahaba mwanangu. Ndilo hilo. Sijaligusa tangu jana jioni, kama ulivyoagiza."

Vitz ya mwaka 2002, cc 990, rangi ya fedha iliyopauka juu ya paa. Namba C. Watu wanaidharau namba C, mimi nilishaelewa: herufi inasema gari lilisajiliwa lini hapa, haisemi lilitengenezwa lini wala lilitunzwaje. Lile la Kinondoni lilikuwa namba D na lilitoka majini.

Boneti baridi, ina umande. Likawaka kwa jaribio la kwanza, moshi haukuonekana. Oili ya injini ya kahawia, ya kawaida, ya mtu anayetumia gari lake. Oili ya gia boksi ni nyekundu bado, haina harufu ya kuungua. Fundi akaweka R, likapokea bila kusitasita, bila kugonga. Tumelizungusha kwenye ile barabara mbovu ya kushuka kuelekea reli: bushi za mbele zinagonga, shokapu moja ya nyuma imevuja. Tairi mbili ni nzee. Zile tarakimu nne ubavuni zinasema 3115, yaani wiki ya 31 ya mwaka 2015, mpira wake una nyufa kama kisigino. Mikanda nimeivuta mwenyewe, yote minne. Safi mpaka mwisho.

Halafu Mwalimu akaingia ndani akatoka na daftari. Daftari la shule la kurasa 48, jalada la bluu lililofunikwa kwa nailoni. Ndani, kwa mwandiko wa ubaoni, ulionyooka: tarehe, kilomita, kilichofanyika, gharama. Kila oili tangu alinunue. Kila plagi. Betri tatu. Mwaka 2021 kuna mstari: "Limechemsha Chalinze. Rejeta imezibuliwa. Fundi ameondoa kifaa fulani cha maji." Hata faini za barabarani ameziandika.

Nimekaa kwenye kibaraza chake nikalisoma lote. Kilomita za daftari zinapanda mstari kwa mstari hadi zinafika zile za kwenye dashibodi. Hakuna aliyezirudisha nyuma. Nimesoma mafaili ya wagonjwa maisha yangu yote ya kazi, najua faili lililoandikwa siku kwa siku na lililojazwa kwa mara moja. Lile ni la siku kwa siku. Hata rangi za wino zinatofautiana.

Alitaka milioni 6 na laki 6. Nikamwonyesha bushi, shokapu na tairi, tukahesabu pamoja kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari hilohilo kama mwalimu na mwanafunzi. Tumekubaliana milioni 6 na laki 1. Nimeangalia madeni ya faini kwa namba ya gari kwenye mfumo wa trafiki: mbili mpya, elfu 60. Amelipa papo hapo kwa simu na ameniomba radhi.

Jumamosi, 22 Juni

Mkataba kwa wakili, mashahidi wawili, kadi halisi mkononi. Hela nimehamisha benki kwa benki, risiti nimeiambatanisha. Ya kubadilisha umiliki TRA yanaendelea, Mwalimu kaja mwenyewe na kitambulisho chake. Bima ndogo 118,000.

Aliponipa funguo alilipapasa paa mara moja, akanikabidhi na daftari. "Endelea kuandika, mwanangu."

Jaza tangi. Sifuri.

Jumanne, 25 Juni

Kilomita 178, lita 15.9. Ni 11.2 kwa lita.

Nimehesabu mara tatu, hapohapo sheli. Mhudumu akadhani namdai chenji. Hii ni karibu sawa na ile IST ya cc 1500! Kwa mwezi ni lita 106 badala ya 85. Nimeendesha polepole, madirisha wazi, AC sijawasha. Nimerudi nyumbani kimya, Mama akaniuliza nani amekufa.

Jioni Fundi kaja na kile kimashine chake cha kusoma kompyuta ya gari. Ameliwasha, tumelizungusha dakika ishirini. Akanionyesha: joto la maji ya injini nyuzi 62. "Hapa dada, inatakiwa iwe themanini na zaidi. Hii injini haijawahi kupata joto." Akanieleza nikamwelewa mara moja, kwa kuwa ni kama mwili wa mtu. Kuna kivalvu kidogo, themostati, huzuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, kisha hufunguka. Mafundi wengi wa huku hukitoa gari likichemsha, wakisema nchi ya joto haikihitaji. Kumbe kompyuta ikiona maji ya baridi inadhani ndiyo kwanza asubuhi imeamka, inamwaga mafuta ya ziada kama ya kuwashia, siku nzima, mwaka mzima.

Nikaenda kuchukua daftari la Mwalimu. 2021. "Fundi ameondoa kifaa fulani cha maji." Kilikuwa kimeandikwa, nilikisoma kwa macho yangu kibarazani na nikapita. Mzee ameendesha miaka mitatu akilipia mafuta ya kifaa kile, na wala hakujua.

Upepo wa tairi nao: zote nne ziko chini kuliko kibandiko cha mlango wa dereva kinavyotaka. Tumeujaza. Kisafisha hewa kimejaa vumbi la Pugu.

Kariakoo leo haiendeki kwa spea. Wafanyabiashara wamegoma tangu jana, maduka yamefungwa. Tunasubiri.

Jumapili, 30 Juni

Maduka yamefunguliwa. Themostati 35,000, nimeinunua mpya. Zilizotumika hazifai, Fundi kasema. Kisafisha hewa 15,000. Plagi nne. Maji ya rejeta ya rangi badala ya maji ya bomba, ili rejeta isizibe tena ikawa kisingizio cha mtu mwingine kukitoa. Kabla ya kuifunga, Fundi aliitumbukiza themostati kwenye sufuria ya maji jikoni kwangu, juu ya jiko la gesi, tukaichungulia mimi, yeye, Mama na watoto. Maji yalipokaribia kuchemka kile kidude kikafunguka chenyewe taratibu, kama ua. Mwanangu mdogo akapiga makofi.

Bushi na shokapu jumla 190,000 pamoja na ufundi. Tairi mbili 240,000. Ile milioni bado ina zaidi ya laki nne ndani yake.

Baada ya kufunga, kimashine kinasoma 86.

Nimempigia Mwalimu kumweleza. Amenyamaza kidogo, kisha akasema, "Ningeuliza kile kifaa kinaitwaje." Nimemwambia kwamba asingeliandika lile neno, tusingejua tuanzie wapi kutafuta.

Jumanne, 2 Julai

Jaza. Sifuri. AC kidogo wakati wa mchana, nataka namba ya kweli ya maisha yangu, si ya mashindano.

Alhamisi, 4 Julai

Saa nane usiku Mama alianza kukohoa. Nilikuwa nyumbani. Tuliingia garini sote wawili na kifaa chake cha kuvuta dawa, tukakaa uani injini ikiwa inaunguruma, tayari. Dawa ikamtuliza, hatukwenda. Tulirudi ndani saa tisa. Amesema atalala vizuri sasa.

Jumapili, 7 Julai. Sabasaba

Sheli ya Gongo la Mboto, pampu ileile, imejazwa mpaka imekata yenyewe. Nimeandika kwenye daftari la Mwalimu, mstari unaofuata wake wa mwisho, kwa wino wangu:

Kilomita 243. Lita 17.1. Ni kilomita 14.2 kwa lita.